Kapilari, degedege na saa 24 za mwanzo

Ng'oa unywele mmoja kichwani uutazame. Mwembamba, sivyo? Sasa fikiria mabomba ya damu ambayo ukiyapanga ubavu kwa ubavu, kama kumi hivi, ndipo yafikie upana wa huo unywele mmoja. Bomba moja la namna hiyo ndilo tunaloliita kapilari, mshipa mdogo kuliko yote mwilini mwako. Upana wake ni kama mikromita 5 hadi 10, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu ya damu yenyewe ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Maana yake ni kwamba kwenye kapilari damu haimwagiki kama mto. Chembe zinapita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine, na mara nyingi kila moja lazima ijikunje kidogo ndipo ipenye.

Kwa msomaji aliyeko Bugomora, au popote pale Kyerwa na Karagwe, habari hii haiishii kwenye daftari la baiolojia. Malaria kali inapoua, inaua ndani ya mabomba haya. Na mkoa wa Kagera leo unatajwa kwenye majarida ya kitabibu duniani kwa sababu ya vimelea vya malaria ambavyo dawa inachelewa kuvimaliza. Ili uelewe kwa nini kuchelewa kwa siku moja tu ni jambo kubwa, inabidi tujue binadamu aliigunduaje kapilari, kisha akagunduaje kwamba malaria inajificha humo. Safari hii imechukua zaidi ya miaka 350. Twende taratibu.

Pengo ambalo Harvey hakuliona

Kwa zaidi ya miaka 1,400, waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili. Galen alifundisha kwamba ini linatengeneza damu kutokana na chakula, damu inakwenda mwilini, na mwili unaitumia ikaisha, kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Alisema pia kwamba damu kidogo inapenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa katikati.

Wa kwanza tunayemjua kuandika kwamba vitundu hivyo havipo ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 13. Alisema ukuta huo ni mzito, haupitishi kitu, na damu lazima izunguke kupitia mapafu. Tena akaongeza kwamba kwenye mapafu lazima kuwe na njia ndogo zinazounganisha mshipa unaoleta damu na ule unaoiondoa. Hakuwa na namna ya kuziona. Alifikia hapo kwa hoja tu.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akachapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa moyo na damu. Harvey alipiga hesabu rahisi ambayo hata wewe unaweza kuirudia: moyo unasukuma kiasi gani kwa pigo moja, na unapiga mara ngapi kwa nusu saa? Jibu likawa kubwa kuliko damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezekani damu iwe inatengenezwa upya na kuisha kila mara. Ni ileile inayozunguka.

Lakini hapo akakwama. Damu inatoka kwenye moyo kwa ateri na inarudi kwa vena. Sasa inavukaje kutoka ateri kwenda vena? Harvey alikisia kwamba inachuja kupitia matundu madogo ya nyama. Alifariki mwaka 1657 bila kuona kiungo hicho.

Pafu la chura

Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mwitalia Marcello Malpighi wa Bologna alichukua pafu la chura akaliweka chini ya hadubini. Pafu la chura ni jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kwa hiyo ndani yake panaonekana. Akaona mtandao wa mishipa midogo sana inayounganisha ateri na vena. Damu haikuwa inamwagika kwenye nyama hata kidogo. Muda wote ilikuwa ndani ya mabomba, ila mabomba yenyewe ni madogo mno kwa jicho. Malpighi alimwandikia habari hii rafiki yake Borelli, na pengo la Harvey likazibwa.

Baada yake, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft ambaye hakusoma chuo chochote, alitengeneza lenzi kali kwa mikono yake na kutazama mkia wa kiluwiluwi. Aliona chembe za damu zikipita moja moja kwenye mishipa hiyo ikiwa hai.

Kumbe kazi yote ambayo damu ipo kwa ajili yake inafanyika hapo. Ateri na vena ni barabara tu. Ukuta wa kapilari una unene wa seli moja, kwa hiyo oksijeni na sukari vinatoka na uchafu unaingia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mdenishi August Krogh alionyesha kwamba msuli uliopumzika unatumia sehemu tu ya kapilari zake, na ukianza kazi nyingine nyingi zinafunguka. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Ni Krogh pia aliyekisia kwamba kapilari za misuli ya mtu mmoja mwenye mwili mkubwa zikiungwa zingefika kilomita 100,000. Hesabu za miaka ya karibuni zimeshusha sana namba hiyo: mishipa yote ya mtu wa kawaida inakadiriwa kuwa kati ya kilomita 9,000 na 19,000. Hata hivyo si haba!

Shika jambo moja hapa kabla hatujaendelea: karibu kila seli mwilini, hata ya ubongo, inaishi kwa sababu kuna kapilari jirani. Kapilari ikiziba, jirani zake wanakufa njaa.

Vimelea vinavyotoweka

Sasa tuje kwenye malaria. Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa hospitali ya Constantine nchini Algeria, aliona kimelea hai kikicheza kwenye damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona kimelea hicho ndani ya tumbo la mbu.

Kipindi hichohicho, 1897 hadi 1898, Mjerumani maarufu Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria, na alipanda hadi Usambara. Huko alikuta jambo ambalo mtu wa milima ya Kagera atalielewa mara moja. Washambaa walimweleza kwamba juu milimani hawana homa, bali wanaipata wakishuka bondeni, na ugonjwa wenyewe waliuita mbu, jina lilelile la mdudu. Watu wa milimani wakikutana na malaria mara chache, miili yao haijapata mazoezi ya kupambana nayo, ndiyo maana mlipuko ukipanda milimani unaumiza wakubwa kwa wadogo.

Ila palikuwa na fumbo. Madaktari walichukua damu ya kidole kwa wagonjwa wa malaria ile mbaya, inayosababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, na karibu kila mara waliona vimelea vichanga tu, vyenye umbo la pete. Vikubwa viko wapi? Kimelea hakiwezi kuzaliana bila kukua.

Jibu lilipatikana Roma katika miaka ya 1890. Ettore Marchiafava na Amico Bignami walichunguza maiti za watu waliokufa kwa malaria. Walipokata ubongo na kuutazama kwa hadubini, kapilari zake zilikuwa zimejaa chembe nyekundu zenye vimelea vilivyokomaa, zimeshonana kama abiria kwenye daladala la jioni. Vile vilivyokosekana kwenye kidole vilikuwa huku.

Kwa nini vinang'ang'ania

Sababu kamili ilikuja kueleweka karibu miaka mia moja baadaye. Kimelea cha falciparum kinaishi ndani ya chembe nyekundu kwa takriban saa 48, kisha kinaipasua na kutoa watoto. Chembe yenye kimelea kilichokua ni ngumu, haijikunji vizuri. Ikipita kwenye bandama, itakamatwa na kuharibiwa, kwa sababu bandama ndiyo kichujio cha chembe mbovu. Kimelea kinakwepa hilo kwa ujanja: baada ya takriban saa 24 za mwanzo kinatoa protini na kuzipachika nje ya chembe, na protini hizo zinanata kwenye ukuta wa mishipa midogo. Chembe inatia nanga. Haizunguki tena, kwa hiyo haifiki kwenye bandama.

Mwaka 1995 vikundi vya watafiti vilitambua familia ya jeni zinazotengeneza protini hizo, zinazoitwa jeni za var. Kila kimelea kina kama 60, na kinabadilisha ile kinayoitumia kama mtu anayebadilisha koti ili polisi wasimtambue. Mwaka 2012, utafiti uliotumia damu ya watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba watoto wenye malaria kali walikuwa na vimelea vinavyotumia kundi fulani la protini hizo. Mwaka uliofuata ikafahamika kundi hilo linanata kwenye nini: kwenye kipokezi kilichoko kwenye ukuta wa kapilari, ambacho kazi yake ya kawaida ni kulinda ukuta huo usivuje na damu isigande ovyo. Kwa hiyo madhara ni mawili kwa pamoja: foleni inasimama, na ukuta wenyewe unapoteza mlinzi wake.

Degedege

Hapa ndipo sayansi inakutana na neno ambalo kila mama anayezungumza Kiswahili analijua. Mtoto ana homa, ghafla anakakamaa, macho yanapinduka, mwili unatetemeka, kisha anapoteza fahamu. Degedege. Jina lenyewe linahusishwa na dege, yaani ndege mkubwa, na katika jamii nyingi iliaminika kwamba ndege au pepo amempitia mtoto. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi waliona homa ya malaria na degedege kama magonjwa mawili tofauti kabisa. Homa ni ya hospitali, degedege ni ya mganga. Tena ilisemwa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Usiharakishe kuwacheka. Tazama walichokuwa wanakiona. Homa ya malaria kwa watu wengi inakuja na kuondoka. Degedege linakuja kwa kishindo na sura yake ni nyingine. Na mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa ameshazimia, akachomwa sindano, mara nyingi alikufa kweli, kwa kuwa alifika kapilari za ubongo zikiwa zimeshaziba. Walioshuhudia wakaunganisha sindano na kifo. Waliona sawasawa, kilichokosekana ni kile kisichoonekana kwa macho, kama ilivyokuwa kwa Harvey.

Hata madaktari wenye vifaa walidanganyika. Huko Blantyre, Malawi, timu iliyoongozwa na Terrie Taylor na Malcolm Molyneux ilichunguza maiti za watoto 31 waliokuwa wametambuliwa hospitalini kuwa na malaria ya ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2004: watoto 7 kati ya hao 31 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine, ingawa walikuwa na vimelea kwenye damu. Kipi kingewatofautisha wakiwa hai? Jicho. Retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho, inalishwa na kapilari zinazofanana na za ubongo, na ndiyo sehemu pekee ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa hiyo bila kupasua. Kwa mtoto mwenye malaria ya ubongo ya kweli, retina ina mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi na madoa ya damu. Mwaka 2015 timu hiyohiyo ya Blantyre ilionyesha kwa picha za MRI kwamba watoto wengi waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba sana hadi kukosa nafasi kichwani.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "malaria imepanda kichwani", hajakosea sana. Ila haijapanda. Imetia nanga. Na kumbuka vilevile: si kila degedege ni malaria. Homa nyingine na uti wa mgongo pia huleta, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda kupimwa.

Dawa inayowahi mlangoni

Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Kwinini inaua zaidi vimelea vilivyokua, yaani vile ambavyo tayari vimenata kwenye kapilari. Pete changa zinapita zikiendelea kukua. Artesunate ni tofauti: inaua hata pete changa, kabla hazijatia nanga. Unaona maana yake? Dawa moja inapigana na adui akiwa ameshajichimbia ndani ya nyumba, nyingine inamkamata akiwa bado njiani.

Je, tofauti hiyo inaokoa maisha au ni nadharia tu? Jaribio kubwa lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe hapa Tanzania, likihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo ya mwaka 2010: kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesunate asilimia 8.5. Ukichukua watoto 1,000, hao ni watoto 24 zaidi wanaorudi nyumbani. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesunate kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Ipo pia artesunate ya kuwekwa njia ya haja kubwa, kwa mtoto asiyeweza kumeza aliye mbali na hospitali, ili vimelea vianze kufa wakati safari inaendelea. Haichukui nafasi ya hospitali, inanunua muda.

Sasa habari ya Kagera

Mwaka 2020 watafiti nchini Rwanda walitoa taarifa ya vimelea vyenye badiliko kwenye jeni iitwayo kelch13, badiliko linalojulikana kama 561H. Kagera inapakana na Rwanda, na vimelea havina pasi ya kusafiria. Sampuli zilizokusanywa mkoani Kagera mwaka 2021 zilikuwa na badiliko hilo kwa asilimia 7.7. Mwaka 2022 wagonjwa walifuatiliwa wilayani Karagwe, na mwaka 2024 matokeo yakachapishwa: vimelea sugu kwa kiasi dhidi ya jamii ya dawa ya artemisinini vimethibitishwa.

Neno "kwa kiasi" lina uzito, usilipite. Dawa mseto bado iliponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, kwa sababu ina dawa mbili na ile ya pili inamalizia kazi. Sindano ya artesunate nayo bado ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali. Kilichobadilika ni kasi. Na hebu rudi kwenye zile saa 24. Badiliko la kelch13 linakisaidia kimelea kikiwa katika hatua gani? Katika hatua ya pete changa. Pete inazubaa, inavumilia dozi, kisha baadhi zinaamka na kuendelea kukua. Yaani usugu huu umegusa palepale ambapo artesunate ilipata ushindi wake juu ya kwinini: kumkamata adui kabla hajafika kwenye kapilari.

Nchi yetu imeshapita njia hii. Klorokwini ilituhudumia miaka mingi hadi vimelea vikaizoea, tukaiacha mwaka 2001. SP ikachukua nafasi, nayo ikachoka haraka, na mwishoni mwa 2006 tukaingia kwenye dawa mseto, ALu. Safari hii hatuna foleni ndefu ya dawa mpya zinazosubiri nje.

Basi kwa msomaji wa Bugomora, historia hii inatua kwenye mambo machache ya kawaida. Homa ya mtoto ipimwe siku ileile, maana saa zinahesabika tangu pete zikiwa changa. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, usingizi usio wa kawaida: hapo ni kituo cha afya moja kwa moja, na sindano haiui. Akishachomwa artesunate na akapata nafuu, bado lazima amalize dozi ya dawa mseto, kwa sababu artesunate inatoka mwilini upesi na vimelea vilivyozubaa vinaweza kuamka. Na vidonge visigawanywe kati ya watoto wawili. Nusu dozi ni shule ya usugu.

Harvey alijua lazima kuna njia, hakuiona. Malpighi aliiona kwenye pafu la chura. Leo muuguzi wa zahanati haihitaji hadubini ya Malpighi ili aitetee njia hiyo. Anahitaji kipimo cha haraka, artesunate kwenye kabati, na mzazi aliyefika mapema.